Picha za Ijumaa za Bi Masika

Mayasa wa Kensington, hapa Johannesburg, hana dogo. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Mpe picha ya harusi: wewe utaona bibi harusi na bwana harusi, yeye ataona mjomba aliyesimama pembeni kanuna, ataona kiti kitupu pale mbele, ataona mama mkwe kashika mkoba kwa mikono miwili, yuko njiani kuondoka. Kisha atakuuliza taratibu, "Hawa waligombana nini?" Na ukichunguza, waligombana. Hiyo ndiyo kazi yake isiyo na malipo. Kazi inayomlisha ni maandazi, sambusa na chapati, anazozipanga kila asubuhi mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani, kwenye barabara kuu, kati ya saluni ya Jocelyne na fundi wa simu.

Kazaliwa Tanga, Ngamiani, na macho hayo kayapata kwa mama yake. Bi Masika, huyo mama, ndiye aliyekuwa akipelekewa picha za posa mtaa mzima. Ikija picha ya kijana kutoka Mombasa au Maskati, wanaume wanabaki barazani na barua, wanawake wanakwenda na picha jikoni kwa Bi Masika. Naye humwita mtoto wake, humwekea picha kwenye mkeka, humwuliza, "Unaona nini?" Mtoto akisema anaona mwanamume mzuri, anapigwa kikofi kidogo cha kisogo, anaambiwa aangalie tena. Uzuri ndio uliovaliwa ili upigwe picha, alikuwa akisema Bi Masika. Wewe tafuta kile ambacho mtu alisahau kukificha. Basi Mayasa akakua hivyo, anatazama viatu, kucha, mapazia, kivuli cha mpiga picha. Watoto wenzake hawakumpenda sana, na mimi siwalaumu.

Alipomfuata mume wake Burhani Johannesburg, alidhani mambo hayo kayaacha Ngamiani. Wapi bwana. Huku ndiko watu wanakoposana kwa simu. Kijana wa Randburg anatafutiwa mchumba Unguja, mwanamke wa Kikongo anaandikiana na bwana wa Durban ambaye hajapata kumwona uso kwa uso, na picha zinaruka mchana kutwa. Jocelyne, msusi wa pale jirani, Mkristo wa Bukavu, alikuwa wa kwanza kuyajua macho ya Mayasa. Alimwekea simu chini ya pua, picha ya bwana kakaa mezani, kavaa shati jeupe limepigwa pasi.

"Dada Mayasa, angalia huyu. Anasema iko peke yake, hana bibi."

Mayasa alipangusa mafuta vidoleni, akaitazama. "Chakula kimefunikwa," akasema.

"Sasa?"

"Kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, kina maua pembeni. Mwanamume anayekaa peke yake anakula kwenye sufuria, Jocelyne. Huyo kafunikiwa."

Jocelyne alinuna siku nzima, hata mteja aliyekuwa akisukwa akalalamika kwamba anang'olewa nywele. Baadaye ikajulikana kwamba bwana ana mke na watoto, na tangu hapo Jocelyne hakumjibu mwanamume yeyote kabla picha yake haijapita mbele ya sinia la maandazi. Na wenzake nao wakaja, na wenzao wa wenzake. Wengine walikuja kujua kama mchumba ana tabia njema. Wengine walikuja kujua kama mwana waliyemwacha nyumbani anashiba kweli, maana mtoto huambiwa cheka mbele ya kamera naye hucheka, lakini mifupa ya bega haichekeshwi.

Usidhani macho hayo ni neema tupu. Mtu anayetazama hivyo hapumziki. Burhani, anayeendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye ghala moja kule Midrand, alikwishaacha kupiga picha na wenzake wa kazini, maana akirudi nyumbani ataulizwa yule dada wa mwisho kulia anamchekea nani. Ni mtu mpole Burhani. Angekuwa mwingine, saa hizi ningekuwa nasimulia habari ya talaka.

Sasa, kulikuwa na picha za Ijumaa. Bi Masika hapendi simu. Kuongea na kioo, husema, ni mambo ya watu waliokosa majirani. Kwa hiyo tangu Mayasa ahamie huku, mdogo wake Selemani, anayekaa Tanga na mama yao pamoja na mkewe Yasmin, humpiga mama picha kila Ijumaa baada ya sala na kuituma. Hakuna maneno, ni picha tu. Mayasa huisoma huku anageuza chapati. Mama kashika ungo, bado anapepeta mchele mwenyewe, mgongo uko sawa. Mama kavaa ndala mbili zisizofanana, basi kuna mjukuu kaharibu. Na Bi Masika naye alijua anasomwa, akawa anaweka mambo kwa makusudi: leo kaweka samaki mzima kwenye sahani ili mwanawe ajue wamekula vizuri, leo kamgeuzia mpiga picha kisogo kwa sababu Mayasa kakawia kuwapa pole jamaa wa Pangani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza, na walielewana kuliko watu wengi wanaopigiana simu kila siku.

Kwenda kuonana hakukuwezekana. Karatasi ya Mayasa ya kukaa Afrika Kusini ilikwisha muda wake, akaomba nyingine, ikakataliwa, akabaki hivyo hivyo kama walivyobaki wengi. Asipotoka anaishi, anapika, anampeleka mtoto shule. Akitoka, pale uwanja wa ndege wanamgongea muhuri, na mlango unafungwa miaka mitano. Burhani karatasi zake ziko sawa. Binti yao kazaliwa huku, yuko darasa la kwanza, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kizulu na Kiingereza, na Tanga kwake ni bibi mmoja aliyemo ndani ya simu. Kumng'oa hapa ampeleke kule asikoweza kusema neno, Mayasa hakutaka. Kumwacha hapa mpaka awe msichana mkubwa asiyemjua mama yake, hilo ndilo hakuthubutu hata kuliwaza. Bi Masika alikuwa akilijua jambo hilo vizuri kama mwanawe.

Baada ya Ramadhani na sikukuu yake, picha zikabadilika.

Mwanzo Mayasa hakujua ni nini. Mama kakaa kwenye kiti cha kamba, uani, kavaa kanga nzuri, kapendeza. Ijumaa iliyofuata kanga nyingine, kapendeza vile vile. Iliyofuata, nyingine tena. Hakuna ungo, hakuna samaki, hakuna mjukuu. Mayasa akawa anaitazama simu kama mtu anayesikia harufu ya gesi na hajui inatokea wapi. Ndipo akaona: mama anatazama kamera. Bi Masika hakuwahi kutazama kamera maisha yake yote. Yeye alikuwa wa kupigwa picha akichambua mboga, akimkaripia mtu, akifunga mlango. Sasa katulia, mikono kaiweka magotini, na macho yake yamemwelekea Mayasa moja kwa moja.

"Mama ananiangalia," alimwambia Burhani asubuhi wakinywa chai.

"Si vizuri? Anakukumbuka."

"Ananiangalia kama mtu anayeaga."

Burhani alichovya mkate kwenye chai. "Mayasa, mwache mama wa watu apigwe picha."

Hakumwacha. Alisoma mpaka maandishi ya kanga, moja baada ya nyingine, labda mama kamfichia ujumbe humo. Hayakumwambia kitu, yalikuwa maneno ya dukani tu. Akaona kwamba kanga ya juu imevutwa mpaka kidevuni, shingo haionekani hata kidogo, na joto la Tanga linajulikana. Mtu atajifunika shingo kwa nini? Hapo mawazo yakamwendea wifi yake Yasmin. Hawakuwahi kugombana, Mayasa na Yasmin, lakini hawakuwahi kupendana pia. Walikuwa watu wa kupeana mkono wa Idi na kuishia hapo. Yasmin anamfanya nini mama? Kuna alama gani pale shingoni anayoifunika? Na huyo Selemani, mbona kila akiombwa simu ya video ana sababu yake, mara kioo kimevunjika, mara mama kalala, mara mtandao hakuna? Mtandao wa kutuma picha upo, wa kuonana ndio umekatika.

Ukishamshuku mtu, hata wema wake unakuwa ushahidi. Yasmin alituma ujumbe: "Wifi, usitie wasiwasi, mama tunamtunza." Mayasa aliusoma mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Nani kasema ana wasiwasi? Mbona anajitetea kabla hajashtakiwa? Maandazi ya siku ile yalitoka meusi, na wateja waliyala wakanyamaza kwa sababu waliuona uso wa mpishi. Hata usingizi ukamruka. Alikuwa akimsemesha Burhani kuhusu Yasmin asubuhi na jioni, mpaka Burhani akawa anachelewa makusudi kwenye teksi za kutoka Midrand.

Kilichomaliza kazi ni paka. Baridi ya Johannesburg ilikwishaanza kuuma, na Mayasa alikuwa kasimama na Jocelyne kwenye kijua cha mbele ya saluni, anamwonyesha zile picha mfululizo, kwa mara ya ngapi sijui. Jocelyne si msomaji wa picha, lakini msusi naye ana macho yake.

"Iyi paka inalala sana," akasema Jocelyne.

Mayasa akaangalia. Kweli, pembeni mwa kiti kuna paka kalala, mguu mmoja kauegemeza ukutani. Hakuwa amemjali, paka wa uani ni wa nini. Akafungua picha ya Ijumaa iliyofuata: paka kalala, mguu ukutani. Iliyofuata tena: mguu ule ule, mahali pale pale. Mama kabadilisha kanga, paka hajabadilisha hata mguu.

"Labda iko muzee," akasema Jocelyne.

Mayasa alikuwa keshazikuza picha mpaka zikabaki kucha za mama tu. Bi Masika hupaka hina kucha zake kila sikukuu, na hina ya ukucha haitoki kwa kunawa. Ukucha unakua, hina inasogezwa mbele, nyuma yake kunabaki weupe, na weupe huo unazidi wiki hadi wiki. Ukipaka upya, weupe unapotea. Hakuna njia ya tatu. Katika picha ya kwanza weupe ulikuwa mwembamba kama uzi. Katika ya pili, kama uzi. Akaenda moja moja mpaka ile ya Ijumaa iliyopita, na sikukuu ilikwishapita siku nyingi sana, na weupe ulikuwa bado kama uzi. Kucha za mama zilikuwa zimeacha kukua.

"Ni za siku moja," akasema Mayasa, na sauti ilimtoka ndogo. "Wamempiga zote siku moja, Jocelyne. Wanamvalisha, wanapiga, wanamvalisha tena. Sasa mama yangu yuko wapi?"

Jioni alimwambia Burhani anakwenda Tanga. Burhani hakufoka. Aliketi, akavua buti za kazini, akamtazama mtoto aliyekuwa akichora sakafuni.

"Ukienda hurudi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Kwa ajili ya kucha."

"Kwa ajili ya mama."

Burhani alisogeza buti kando. "Mama mwenyewe akikuita, nenda," akasema. "Wallahi sitasema neno, na mtoto nitamlea. Lakini mama akuite kwa mdomo wake. Si paka na hina. Mwulize Selemani bila kuzunguka."

Akamwuliza. Aliandika: mama yuko hai au kafa? Selemani aliuona ujumbe, ikaonekana kwamba kauona, na hakujibu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mayasa yuko mbele ya spaza na sinia lake, simu ikalia mlio wa ujumbe. Selemani hakuandika hata neno moja. Alituma picha: Bi Masika kwenye kiti kile kile, kanga ya kijani, macho mbele. Mayasa akaikuza kwenye kucha, na weupe ulikuwa kama uzi.

Alipiga ukelele uliomtoa mwenye spaza nje mbio, akidhani kuna wezi.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa la watu wetu hasa, maana wengine wangeuliza maswali kwanza. Mtu wa pwani akisikia mwenzake anamlilia mama yake, haulizi kafa lini wala nani kaleta habari. Anavaa baibui, anachukua mkeka, anakwenda. Jocelyne alimwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, akamshika Mayasa mkono mpaka nyumbani. Walikuwa hawajafika vizuri, habari ilikwishafika Randburg, upande wa pili wa jiji. Kina mama wa Tanga na Unguja wakaja na sukari, majani ya chai, sufuria kubwa. Makochi yakatolewa nje, mikeka ikatandikwa. Burhani aliitwa kutoka kazini, akakuta uani kwake wanaume wamejipanga wanamngoja wampe pole. Angefanya nini? Angesimama mbele ya watu wazima aseme subirini, hatuna maiti, tuna kucha? Alipokea pole, na moyoni hakujua anamwomboleza nani. Mwalimu Mansour wa madrasa akafika na juzuu zake, zikagawiwa, kisomo kikaanza.

Mayasa alikuwa katikati, kanga kichwani, na machozi yake yalikuwa na hasira ndani. Kila aliyeingia alimwambia yale yale. Wamemzika mama bila kuniambia. Wakamvalisha kabla, wakampiga picha, ili mimi ninyamaze. Yasmin huyo, ndiye mwenye akili ya mambo kama haya. Wanawake wakatikisa vichwa, wakamlaani Yasmin ambaye wengi wao hawajapata kumwona. Jocelyne alikaa sakafuni karibu naye, akaanza wimbo wa kwao wa msibani, akakumbuka yuko kwa Waislamu, akaumeza.

Sasa mmoja wa wale wa Randburg ana dada yake Ngamiani. Akampa pole kwa simu, kama inavyopasa, na dada naye akamwambia jirani. Watu wa Ngamiani nao ni watu wa pwani. Wakajitanda, wakajipanga, wakaenda kwa Bi Masika kuhani msiba wa Bi Masika. Wakamkuta marehemu uani, anachambua mchicha. Nasikia mzee mmoja alikwishaanza kuomba dua mlangoni, ikamkwama katikati.

Kisomo cha Kensington hakijafika nusu, simu ya Mayasa ikaita. Ilikuwa ya video. Alipoipokea, uso wa Selemani ulikuwa umejaa kioo chote.

"Dada, umetuaibisha. Nyumba imejaa watu wanamlilia mama, na mama kakaa anawatazama. Umefanya nini?"

"Nionyeshe mama."

Selemani akasita. Nyuma yake ikasikika sauti ya Yasmin, imechoka. "Mwonyeshe. Imeshakuwa."

Simu ikageuzwa. Huku Kensington sauti za juzuu zikakatika. Bi Masika alikuwa kwenye kiti cha kamba, na alikuwa nusu ya yule wa kwenye picha. Mashavu yameingia ndani, mikono imekonda, lakini macho ni yale yale. Yasmin akainama, akaishusha kanga ya shingoni taratibu. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cheupe, na alipokiondoa, pale kooni palikuwa na tundu, na pumzi ya mama ilikuwa ikiingia na kutoka hapo.

"Ulikuwa uvimbe," akasema Selemani, na hasira ilikuwa imemwisha. "Madaktari wa Dar wakasema lazima wakate, na sauti itakwenda, na labda mwenyewe asitoke mzima. Kabla ya safari akatoa kanga zake zote sandukuni. Yasmin anamvalisha, mimi napiga, alasiri nzima. Akasema tukutumie moja moja kila Ijumaa. Nilimwambia, mama, dada atajua. Akasema basi na ajue nikiwa nimeshapona au nimeshazikwa, lakini asije akamtupa mtoto wake kwa ajili ya koo langu."

Mayasa alikuwa kasoma sawa. Mama alikuwa anaaga kweli, na picha zilikuwa za siku moja kweli, na shingo ilikuwa inafichwa kweli. Waliomponyoka ni watu. Alimtazama Yasmin akichovya pamba kwenye maji, anapangusa kando kando ya lile tundu, mkono wake mwepesi, mkono wa mtu aliyekwishaifanya kazi ile asubuhi na jioni bila kusukumwa. Wanawake waliomlaani mchana ule walikuwa wamekaa nyuma ya Mayasa wanamwona. Aibu ilimwingia Mayasa mpaka masikio yakawaka.

"Wifi," akasema, "nisamehe. Nimekusema vibaya mbele ya watu."

Yasmin hakuinua macho. "Ongea kwanza na mama, wifi. Mimi nipo."

Huku Kensington mwanamke mmoja alianza kucheka, mwingine akaanza kulia upya, na Mwalimu Mansour akasema kisomo hakipotei, watakinuia cha kumwombea mgonjwa afya. Kule Tanga mlango ukabishwa tena. Kundi jingine la waombolezaji lilikuwa limefika na gunia la mchele. Selemani na Yasmin wakaenda kuwageuza. Kabla hajaondoka, Selemani alimpa mama simu, akamwachia.

Bi Masika aliishika kwa mikono miwili, mwenyewe, yeye asiyependa kuongea na kioo, akaileta karibu na uso. Wageni wa mwanzo walikuwa barazani, na pale uani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwona. Mdomo wake ukafunguka. Hakuna sauti iliyotoka, ni pumzi ya kooni tu, inakwaruza. Wanawake wakainama nyuma ya Mayasa, wakakaza macho, lakini kioo ni kidogo na midomo ya mgonjwa haikuwa ikienda sana.

Mayasa aliona kila neno. Usije. Mama alipumzika, akavuta pumzi, akarudia, na macho yake hayakuondoka kwa mwanawe. Usije, mwanangu. Kaa na mtoto wako.

Mayasa alitaka kusema mengi, akaweza kusema "Mama" tu, na mtandao ukakatika.

"Anasema nini?" akauliza Jocelyne.

Wote walikuwa wakimtazama. Burhani alikuwa kasimama mlangoni, kamshika mtoto mkono, na hakuna aliyekuwa akilingoja jibu lile kama yeye. Mayasa aliipangusa simu kwa pembe ya kanga, akaifunika mapajani.

"Ananiita," akasema. "Anasema nije."

Burhani alimtazama usoni, muda mrefu, kama hajawahi kumtazama tangu amwoe. Mayasa hakuyakwepa macho yake. Kisha Burhani akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia polepole, kwa Kizulu ili aelewe vizuri, kwamba mama anakwenda kumwona bibi, bibi anaumwa.

Mtoto akamgeukia mama yake, akauliza atarudi lini.